Mwaka Niliomfundisha Karani Kusema

Nyambura alipiga hodi mlangoni kwangu, Langoni, mwezi wa Shaabani uliopita, asubuhi, nami niko chini nachambua mchele. Sikumtambua kwa sura. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, zimekatwa karibu na fuvu, na leso aliyojifunga mabegani kwa heshima ya mitaa yetu ilimkaa kama zamani, ila sasa alitembea akiegemea upande mmoja. Nilimtambua kwa sauti. "Bi Zainabu, ule ukali wako bado upo?" aliniuliza, nami nikaangusha ungo. Tulipomaliza kukumbatiana na kulia na kuchekana uzee, akaniambia kwamba filamu yake ya karani itaonyeshwa tena, safari hii kwa wanafunzi wa vyuo vya bara, na ameona aje Amu, huku kwetu Lamu, kwanza awaone waliobaki. Kisha akaitazama mikono yake. "Simiyu ametutoka," akasema. "Ni mwezi sasa." Alitaka kuendelea, nikamzuia. Nilimwambia anywe kahawa, ale mkate, maneno hayakimbii. Kusema kweli nilikuwa najihurumia mwenyewe. Nilitaka kukaa na Simiyu kidogo kama alivyokuwa mwaka ule, kabla sijaambiwa alikufaje na alizikwa wapi.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali huko Mkomani. Ofisi yenyewe ilikuwa orofa ya juu ya nyumba ya mawe, nyumba iliyojengwa watu walale, wazae na wafie humo, si wakae vitini wakigonga mihuri. Faili zetu zilipangwa ndani ya zidaka, vile vijishimo vya ukutani ambamo mabibi wa zamani waliweka vyombo vya kaure, na meza yangu ilikuwa pale ambapo bila shaka palikuwa na kitanda cha bi harusi. Mchana joto likizidi, chokaa ya ukuta ilikuwa ikinidondokea juu ya taipu, nami nikipuliza na kuendelea. Mkubwa wetu, mtu wa bara, mpole, aliyekuwa akiihesabu Amu kama adhabu yenye mandhari nzuri, alikuwa akituambia kila wiki kwamba kompyuta zinakuja na taipu zitakwenda stoo. Nilikuwa naipenda ofisi ile. Sijui kama mtu anaruhusiwa kusema hivyo juu ya ofisi. Nilipenda kupanda ngazi zake asubuhi nikiwa na funguo, nikafungua madirisha moja moja, nikasikia mtaa ukiamka chini: mtu akimgombeza punda, mama akimwita mtoto wa chuoni, kikohozi cha muuza kahawa.

Nyambura alikuja na watu wake wakati huo, baada ya mvua za masika. Kila aliyesoma shule nchini aliijua ile hadithi aliyotaka kuifanya filamu. Ilikuwa hadithi fupi ya zamani, kurasa chache tu, juu ya karani wa mji wa reli huko bara. Karani yule anakwenda likizo, na akiwa likizoni ofisi yake inahamishiwa mji mwingine. Kila mtu anaambiwa, yeye anasahauliwa. Akirudi anakuta meza yake tu imebaki, kwa kuwa ilikuwa mbovu. Anaketi. Kesho yake anarudi tena, anafuta vumbi, anaketi. Mwisho wa hadithi wanamkuta amekufa kitini. Shuleni tuliambiwa ni hadithi ya kuchekesha, na mtihani ukatutaka tutaje mifano ya kinaya. Nyambura alikuwa ameisoma tena akiwa mtu mzima, akalia. Akaamua kuileta katika siku zetu na kuipandisha orofa ile ya Mkomani: wafanyakazi wote wanapata habari ya kuhama kwa ujumbe wa simu za mkononi, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia, na karani peke yake hana simu. Mkubwa wetu aliwapa vyumba viwili vya mbele, tukasukumwa nyuma sisi na faili zetu, na kuanzia hapo ofisi ya kweli na ofisi ya uongo zikawa zinatenganishwa na pazia.

Nyuma ya pazia lile ndiko nilikomsikia Simiyu mara ya kwanza, kabla sijamwona. Alikuwa anagombana na Nyambura kwa sauti ya chini. "Watanicheka," alisema. "Nimekwenda kununua sigara, muuzaji ameniuliza mimi ni polisi wa kituo gani. Kwa Kiswahili changu tu. Utamwonyesha nani kwamba mimi ni mtu wa Amu?" Nyambura akamjibu, "Basi mtafute wa kukufundisha." Akasema, "Nani?" Pazia likafunguka, na wote wawili wakanitazama mimi, mwenye penseli nywelini, kama watu walioiona ndoano waliyokuwa wakiitafuta. Alikuwa mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, wa miaka kama thelathini na mitano, anatoka upande wa Bungoma, mwigizaji wa jukwaani kwa kazi. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redio. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, Bi Rukia, na ruhusa ilikuwa mkononi mwake. Alisikiliza ombi la Nyambura mpaka mwisho, akauliza maswali mawili: kama uso wangu utaonekana katika picha, na kama huyo bwana anakunywa. Alipoambiwa la kwa yote mawili, akatoa masharti. Masomo yatakuwa nyumbani, tekani, pale penye viti vya wageni baada tu ya mlango wa nje, nao mlango ukae wazi. Yeye atakuwa kiwandani, uwani mwetu, akipika, na akisikia neno halikukaa sawa atalisahihisha mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku ofisi ikifungwa na swala ya alasiri ikisha, Simiyu alikuja, akavua viatu, akaketi, nami nikaketi upande wa pili, baina yetu sinia ya kaimati au viazi vya rojo au chochote ambacho Bi Rukia alikuwa anakijaribu siku hiyo, kwa maana shangazi yangu hakujua kumkaribisha mtu bila kumlisha.

Siku ya kwanza tu palitokea kisa ambacho mtaa wote ulikijua kabla ya magharibi. Bi Rukia alitaka aje ale kiwandani penye upepo, akaita, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" yaani njoo. Simiyu akaruka, akatazama huku na huku, akaiona ndoo ya kufulia pembeni, akampelekea kwa mikono miwili. Shangazi akaipokea. Akaitazama. Akasema, "Ahsante, na wewe pia ndoo." Nilicheka hata nikajificha uso kwa buibui, na yeye, badala ya kuona haya, akaketi kwenye sakafu akataka aelezwe. Nikamwambia kwamba kwetu maji ni mai, njia ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato, kuanza ni kwanda, na mwenye njaa ana ndaa. Akayarudia yote kama mtoto anayepewa peremende. Hakuandika hata neno moja. Alikuwa akifumba macho, akilisema neno kwa midomo bila sauti, kisha akalitoa.

Lakini maneno yalikuwa sehemu ndogo. Alitaka kujua mambo ambayo sikuwahi kufikiri yanafundishika. Mwanamume wa Amu akiwa na haya hutazama wapi? Akikataa jambo kwa mkubwa wake hukataaje, maana alikwisha kuona kwamba hapa watu hawasemi la, wanasema inshallah kwa namna fulani? Akiwa na huzuni kikombe hukishikaje? Nami, niliyekuwa nimeishi miongoni mwa watu hao maisha yangu yote, nikaanza kuwatazama. Nilikuwa nikienda sokoni nikimkusanyia: namna mzee alivyofuta jasho kwa ukingo wa kofia, namna fundi alivyosafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Jioni namletea. Sijapata tena katika maisha yangu kuutazama mji wangu kwa macho yale. Kila nilichokiona nilikiona mara mbili, mara moja kwangu na mara moja kwa ajili ya kumpelekea. Nadhani hapo ndipo yalipoanzia, na kama mtu angeniambia siku zile ningemkana kwa kiapo, kwa sababu hatukuwa tumegusana hata vidole kwenye sinia.

Siku moja nilichelewa ofisini. Nilipokaribia nyumbani nikasikia Bi Rukia akizungumza na mwanamume kwenye tekani, mambo ya bei ya nazi na miguu inavyomuuma, na yule mwanamume akimwambia, "Sugua kwa mafuta ya nyonyo, Bi Rukia, usiku usitoke kwenye umande." Nikadhani ni jamaa yetu mmoja wa Shela. Nikajifunga buibui vizuri, nikaingia na salamu. Alikuwa Simiyu. Bi Rukia akaniangalia usoni nilivyosimama, akaacha kutabasamu, na tangu siku ile akahamisha jiko lake karibu zaidi na mlango.

Walipoanza kupiga picha, ofisi yetu iligeuka kuwa mahali pasipo na adabu. Waya zilitambaa kwenye ngazi, madirisha yalizibwa kwa vitambaa vyeusi, na fundi wa sauti, kijana wa Nairobi, alikuwa karibu kulia kwa ajili ya punda. Alikuwa akiinua mkono, wote wananyamaza, karani anainamia meza yake, na punda wa chini analia kama aliyekuwa akingoja zamu yake. Ikija adhana wanaacha, Nyambura anaketi sakafuni na kufunga macho mpaka muadhini amalize. Baada ya wiki alijua nyakati za swala kuliko mkubwa wetu. Nami nikawa na kazi mbili. Upande huu wa pazia nilipiga chapa barua za kweli, na nikiitwa nilipita upande wa pili, nikasimama nyuma ya kamera, nikisikiliza. Neno likipinda nilitikisa kichwa, wakarudia.

Nakumbuka zaidi siku waliyopiga onyesho la simu. Karani anaketi peke yake katika chumba kitupu, mezani kuna simu ambayo waya wake umekatwa. Hakuna maneno. Simiyu alivaa shati jeupe la mikono mirefu na kofia ya kitandu, ile idariziwayo kwa mkono, aliyoazimwa na jirani yetu. Alikuwa amemwomba ruhusa Bi Rukia kwanza, yeye akiwa Mkristo, naye akamjibu kwamba kofia si dini, ni heshima ya kitwa. Aliketi. Akaifuta ile simu kwa leso. Akaisogeza kidogo upande wa mkono wake wa kuume, kisha akaona ameisogeza sana, kana kwamba ana hamu mno ya kupigiwa, akairudisha. Ni hayo tu. Mpiga picha alisahau kuzima kamera. Nilikuwa nimesimama karibu na kidaka cha faili, nami nikafahamu kwamba kule kurudisha simu mahali pake alikuwa amenitazama mimi nikikufanya na kikombe chake cha kahawa, kila jioni, akiwa bado anavua viatu mlangoni.

Aliniambia habari za kwao kidogo kidogo. Mama yake alikuwa mwimbaji wa kanisa, sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya mto, na yeye ndiye mtoto wake wa kwanza. "Nikimwambia nimeacha kuigiza atafurahi," alisema. "Nikimwambia nimeacha kanisa atalala chini asiamke." Hakuna aliyekuwa ametaja habari ya kuacha kanisa. Alilisema mwenyewe, akalisikia amelisema, tukabaki tukitazama kaimati zinavyopoa. Kiwandani mwiko wa Bi Rukia ulisimama.

Huku nyuma kulikuwa na ugomvi juu ya mwisho wa filamu. Nyambura hakutaka karani afe kitini. Alisema mwisho ule ulifaa zamani, lakini mtu wa leo hafi kwa kusahauliwa, anaendelea kuishi, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Alikuwa ameongeza onyesho: msichana mpiga chapa, ambaye alihama na wenzake, anarudi kumchukua karani, anasimama mlangoni na kumwambia waende. Lakini hakujua karani amjibu nini. Simiyu alikuwa na majibu kumi na hakuridhika na hata moja. "Akienda naye hadithi imekwisha," alisema. "Asipokwenda ni mjinga. Nipe mtu asiyekwenda na si mjinga." Walibishana mpaka siku za kupiga picha zikawa zinakaribia kwisha, na yule mwigizaji wa Nairobi aliyecheza sehemu ya mpiga chapa akawa ana safari ya kazi nyingine.

Katika siku hizo Simiyu alikuja nyumbani mapema, kabla ya saa zake. Alikuwa amevaa vizuri. Bi Rukia aliniambia niende ndani. Nikaenda, lakini nyumba zetu zinajulikana; ndani ni pazia, na pazia ni nguo. Niliketi kitandani, mikono mapajani, nikasikia kila kitu. Alianza kwa salamu ndefu kama nilivyomfundisha. Akasema amekuja peke yake kwa kuwa wazee wake wako mbali, lakini hakutaka kupita nyuma ya mlango, na kwamba anaomba kunioa. Akasema anajua dini yetu hairuhusu niolewe naye alivyo, na yuko tayari kusilimu.

Bi Rukia akachukua birika. Nilisikia akimmiminia kahawa. "Mwanangu," akasema, "nakupenda. Nikuuze neno moya."

"Niulize, Bi Rukia."

"Ukisilimu yeo, kisha mimi nikakunyima Zainabu, au yeye mwenyewe akakukataa, au Muungu akamtwaa. Utasalia Mwislamu?"

Jirani yetu alikuwa akitwanga kitu uwani kwake. Nilisikia mchi ukipanda na kushuka. Nilikuwa namwomba Simiyu, huko nilikoketi, aseme ndiyo. Ni neno dogo. Kila mtu angelisema. Mimi ningelisema.

"Siyui," akasema. Alilisema kwetu, siyui, si sijui, na kwa sauti ambayo hata mimi singeweza kuisahihisha. "Sitaki kukwambia urongo."

"Basi hukunambia urongo," shangazi yangu akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Nywa kahawa yako. Mimi siwezi kumtoa mtu kwa mamake na kwa Mola wake kwa ajili ya msichana, hata akiwa wangu. Siku utakapoyua, mlango ni huu."

Simiyu alipokwisha kuondoka, Bi Rukia aliingia ndani, akaketi nami kitandani. Hakunitazama. "Angalinidanganya ningalimpa," alisema. Kisha tukalia, yeye na mimi, kila mmoja upande wake wa kitanda. Watu wakinisimulia siku hizi juu ya wazee wa zamani waliowakatalia watoto kwa ukabila na kwa kiburi, nasikiliza tu. Wapo. Wangu hakukataa kwa hayo, na pengine ingekuwa rahisi kwangu kama angekataa kwa hayo, maana ningekuwa na wa kumchukia.

Onyesho la mwisho lilipigwa asubuhi iliyofuata. Yule mwigizaji wa kike alikwisha kuruka kwa ndege kutoka Manda siku moja kabla, na sehemu yake walikuwa wameshaipiga picha peke yake, amesimama mlangoni, anasema maneno yake. Ilibaki kumpiga picha Simiyu akimjibu, na mwigizaji huhitaji mtu wa kumtazama. Nyambura akaniomba nisimame mlangoni, pembeni mwa kamera, mahali nisipoonekana, nisome maneno ya yule msichana. Hakuwa na habari ya jambo lolote. Nilisimama. Simiyu aliketi nyuma ya meza mbovu na kofia yake. Hakuna aliyejua atasema nini. Nyambura alikuwa amechoka kubishana, akamwambia aseme litakalomjia.

Nikasoma: "Twende. Wote wako kule. Nimekuja kukuchukua."

Alinitazama kwa muda mrefu. Punda hakulia. "Nikiondoka hapa leo," akasema, kwa lafudhi yetu, taratibu, "nitakuwa nimekufuata wewe. Sitakuwa nimeifuata kazi. Na siku utakaponigeukia ukaniuliza, mbona uko hapa, nitakosa la kukujibu." Akasafisha koo, kama yule fundi wa sokoni. "Enda. Usinisimamie mlangoni. Ipo siku nitaondoka kwa miguu yangu. Usiningojee, lakini ipo."

Halikuwamo katika muswada neno langu la kumjibu. Nikasema, "Haya," na nikatoka, nikashuka ngazi mpaka chini barabarani, nikaketi kwenye daka, kibaraza cha mlango wa nyumba ya watu. Juu nikasikia Nyambura akipiga makofi na kupiga kelele kwa furaha, kwamba amepata mwisho wake.

Wakaondoka. Mapazia yakafunguliwa, tukarudi vyumba vya mbele, na baada ya muda kompyuta zikaja kweli. Filamu ilirudi Amu mwisho wa mwaka, ikaonyeshwa mchana katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mikeka, wanaume mbele na wanawake nyuma. Simiyu hakuja; alikuwa na mchezo Kampala. Watu walicheka sana mwanzoni, kwa kuitambua ofisi, kwa kumtambua muuza kahawa aliyepita nyuma, na kila Simiyu alipofungua kinywa wanaume walipigana mabega wakasema huyu ni mtu wa Amu, huyu mamake ni wa hapa. Ilipofika pale mlangoni pa kusema twende, ilitoka sauti ya yule mwigizaji wa Nairobi. Yangu waliifuta, kama ilivyopasa. Kisha akasema yale maneno yake, na ukumbi ukanyamaza. Bi Rukia, aliyekuwa karibu nami, akanishika mkono, akaukaza. Tulipokuwa njiani kurudi akasema, "Niliuliza neno la haki, Zainabu." Nikamwambia, "Najua." Tukaenda hatua kidogo. "Lakini ni zito," akasema.

Nilimngoja, ingawa aliniambia nisimngoje. Ulipita mwaka, ukapita mwingine. Kisha nikaolewa na Shekuwe, seremala wa milango wa huku Langoni, mtu ambaye hajapata kunipandishia sauti. Nilimweleza habari ya Simiyu kabla ya ndoa, naye akaniambia, "Mti wowote mzuri una fundo lake." Tumezaa, tumeozesha. Bi Rukia alifia mikononi mwetu. Sitaki mtu adhani kwamba nimeishi maisha ya huzuni. Ni kwamba kuna jioni, alasiri ikisha, mkono wangu hushika kikombe nikakisogeza kidogo, na ndani ya kifua changu mlango unafunguka.

Nyambura alimaliza kahawa. Nikamwambia sasa aniambie.

Aliniambia ilikuwa ini, na kwamba hakuteseka sana. Hakupata kuoa. Kisha akasema, "Tulimzika Nairobi, siku ile ile, Zainabu. Wazee wa msikiti ndio waliomwosha. Alikuwa anaitwa Yunus."

Nilimwuliza tangu lini.

"Tangu mama yake alipofariki. Miaka mingi. Wewe ulikwisha kuwa na watoto. Niliwahi kumwambia nitakupa habari, akanikataza kabisa. Alisema, yuko kwake, ana mume mwema, habari hii ikimfikia itakuwa kama nimekwenda kugonga mlango wa mtu." Nyambura alikuwa akilia. "Nilimwuliza, basi ulifanya kwa nini kama si kwa ajili yake? Akacheka. Akasema, niliulizwa swali mara moja, na siku moja nikaamka nikawa najua jibu."

Shekuwe aliporudi mchana nilimweleza yote. Alikaa kidogo na vumbi la mbao kwenye ndevu zake, kisha akasema maiti asiye na watoto anahitaji wa kumsomea, na kwamba yeye atanunua tende na halwa.

Ijumaa niliwaalika wanawake wa mtaa kwa khitma, tumsomee marehemu Kurani. Walijaa mpaka tekani. Nyambura aliketi kwenye pembe, amejifunika kichwa, akiwapokea watu vikombe. Nilipoanza kugawa juzuu, Bi Mwanaidi, aliye mkubwa wetu sote na ambaye humsomea kila maiti wa Langoni, akauliza tunamsomea nani. Nikasema Yunus. Akauliza Yunus wa wapi. Nikasema wa Nairobi. Wanawake wakatazamana, kwa kuwa kila mmoja anajua jamaa zangu, na hakuna Yunus wa Nairobi.

"Ni nani wako?" akauliza Bi Mwanaidi.

Ningeweza kusema ni rafiki wa mgeni huyu. Ningeweza kusema ni ndugu katika dini, na lingekuwa kweli.

"Ni mtu aliyekuja kunichumba," nikasema. "Akakataliwa."

Kulikuwa na mnong'ono mlangoni, kwa wasichana. Bi Mwanaidi akageuza shingo polepole, akautazama mpaka ukazimika. Akavaa miwani yake, akanyosha mkono.

"Nipa juzuu ya kwanda," akasema. "Huyo nitamwanda mimi."